Limekauka, halinuki, na bado lina mayai: namna ya kutumia tope la majitaka shambani

Gari linasimama ukingoni mwa shamba, dereva anateremka na salamu zake zote. "Shikamoo mzee. Nimebeba tope la majitaka hapa, limeshatibiwa, limekauka, halinuki. Silipishi kitu, nionyeshe tu pa kumwaga." Mwenye shamba akikumbuka bei ya mfuko wa urea, anaonyesha pa kumwaga.

Mimi nilionyesha. Lilikuwa jeusi, jepesi mkononi, linapukutika kama mboji nzuri. Wiki tatu baadaye vuli ikaanza, na lile rundo likaota miche ya nyanya, mingi mno, hakuna aliyeipanda. Nilikuwa naihesabu kwa furaha bwana shamba alipopita. Akainama, akang'oa mmoja, akanitazama. "Unajua mbegu hizi zimetoka wapi? Zimepita tumboni mwa watu. Kama mbegu ya nyanya imetoka huko mpaka kwako ikiwa hai, yai la mnyoo wa mchango limekufa kwa kitu gani?"

Sikuwa na jibu. Yanayofuata ndiyo niliyojifunza tangu siku hiyo, kwa mpangilio ambao ningependa mtu angenipa kabla gari halijamwaga.

Neno moja kwanza kwa wanaouza nje. Kama unalima maharage machanga, pilipili au parachichi kwa cheti cha GLOBALG.A.P., ishia hapa: masharti yake hayaruhusu tope la majitaka ya binadamu shambani, limetibiwa lisitibiwe. Utapoteza soko bure.

Kabla ya yote: kilichotibiwa ni nini?

Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Mtambo wa majitaka umejengwa ili utoe maji yanayoweza kumwagwa mtoni au baharini bila madhara makubwa. Kwenye mabwawa, maji hukaa siku nyingi yakitulia, na yai la minyoo, kwa kuwa ni zito kuliko maji, huzama. Kwa hiyo bwawa linalofanya kazi vizuri hutoa maji yasiyo na mayai. Mayai yenyewe hayakwenda popote. Yako chini, kwenye tope, yamejikusanya. Kadiri maji yanavyotoka safi, ndivyo tope linavyobeba.

Topekinyesi linalonyonywa na magari kutoka kwenye makaro na mashimo ya vyoo ni vivyo hivyo, tena humo kuna kinyesi cha juzi kilichochanganyika na cha miaka mitano iliyopita. Mitambo mingi ya miji yetu hulimwaga kwenye vitanda vya mchanga likauke. Mtambo wa Lubigi, Kampala, una vitanda vya namna hiyo tangu 2014. Kukausha kunapunguza uzito na harufu, na bakteria wengi hufa. Lakini kukauka si kupona.

Ndani ya tope kuna makundi ya kila aina: bakteria wa kuhara, wa homa ya matumbo na wa kipindupindu, virusi vya homa ya ini aina ya A na E, na vile vya kuhara kwa watoto, amiba na jiadia, na minyoo. Huhitaji kuwakumbuka wote. Mkumbuke mmoja, mchango, ile minyoo mirefu myeupe ambayo kitaalamu huitwa Ascaris. Jike mmoja hutaga mpaka mayai 200,000 kwa siku, na ganda la yai lake linastahimili ukavu, dawa nyingi na hata chokaa. Kwenye udongo wenye kivuli na unyevu linaweza kungoja miaka. Ndiyo maana wataalamu wamelifanya mizani: ukiwa umeliua yai hilo, karibu wengine wote wametangulia.

Hatua ya 1: Hoji kabla hujapokea

Limetoka wapi: mabwawa ya mji, makaro ya majumbani, au bomba linalopita kwenye viwanda vya ngozi, betri na rangi? Kama ni la viwandani, kataa. Haya yote nitakayoeleza yanaua vijidudu. Joto haliui metali zenye sumu kama kadimiamu na risasi.

Limekaa muda gani, na je, kuna la wiki hii lililomwagwa juu yake? Mwaka mmoja wa rundo lisiloongezwa kitu ni habari njema. Mwaka mmoja wa rundo linaloongezwa kila Jumatatu ni sawa na wiki moja.

Limefanyiwa nini hasa? Usikubali jibu la "limetibiwa". Kwa kanuni za Marekani za mwaka 1993, tope lililotibiwa liko madaraja mawili. Daraja A lazima liwe na chini ya yai moja hai katika gramu 4 kavu. Daraja B linaruhusiwa kuwa na bakteria wa kinyesi wapatao milioni 2 katika kila gramu, na bado kisheria limetibiwa. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utapanda mchicha au utapanda mahindi na kusubiri. Dereva hatajua jibu. Mpigie mtu wa mtamboni.

Asipopatikana wa kukujibu, lichukulie tope hilo kama limetoka chooni jana.

Hatua ya 2: Tenga mahali

Mita 30 au zaidi kutoka kisimani, juu ya mwinuko, pasipopita maji ya masika. Sakafu ya saruji ndiyo bora. Ukikosa, shindilia udongo wa mfinyanzi. Weka paa la makuti au turubai, kwa sababu mvua kubwa hupoza rundo na kuteremsha uchafu bondeni kwa jirani. Zungushia uzio. Kuku ndio wasumbufu wakuu: watachakura rundo asubuhi nzima kisha waingie jikoni na miguu ile ile.

Hatua ya 3: Lichanganye ili lijipike

Hii ndiyo hatua inayofanya kazi kubwa, nayo ndiyo watu hufupisha.

Tope peke yake ni zito, halina hewa, na lina naitrojeni nyingi kuliko kaboni. Ukililundika hivyo hivyo litaoza kwa uvundo na halitachemka. Linataka mwenzake mkavu na mwepesi: maranda ya mbao, pumba za mpunga, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, majani makavu, au taka za sokoni zilizochambuliwa plastiki. Ndoo moja ya tope kwa ndoo mbili za makavu. Ukiona mchanganyiko bado unanata kwenye koleo, ongeza ya tatu.

Kipimo hiki kimejaribiwa. Kumasi, Ghana, watafiti walichukua tope la vyoo vya umma na makaro lililokaushwa vitandani, likiwa na mayai 25 hadi 83 ya minyoo katika kila gramu kavu, wakalichanganya na taka za mji kwa uwiano huo wa 1 kwa 2. Walipomaliza, mayai hai yalikuwa chini ya moja kwa gramu. Tena walikuwa na marundo mawili: moja waligeuza kila siku 3, jingine kila siku 10, na kwa upande wa mayai hawakuona tofauti. Nilipoisoma habari hiyo mgongo wangu ulishukuru.

Unyevu upime kwa kiganja. Chukua konzi ya mchanganyiko, kaza. Yakitoka matone mawili matatu, sawa. Yakitiririka, umezidisha maji. Ukifungua mkono likamwagika kama vumbi, umepunguza.

Rundo liwe na urefu wa mita moja na nusu kwenda juu na upana wa mita mbili chini, lirefuke kadiri ulivyo nalo. Chini ya mita moja kila upande halitashika joto, upepo utalipoza. Mwisho lifunike kwa tabaka la sentimita 15 hivi la nyasi au mboji iliyokwishaiva. Hilo ni blanketi. Bila blanketi, ngozi ya nje ya rundo hubaki baridi, na mayai yaliyo pale hayatajua kama kuna moto ndani.

Hatua ya 4: Pima joto, usikisie

Nunua kipimajoto cha fimbo ndefu, angalau nusu mita. Wengi hutumia nondo: unaichomeka rundoni dakika kumi, unaichomoa, ukishindwa kuishika unasema limechemka. Nondo ni nzuri kukuambia rundo limeamka. Haiwezi kukutofautishia nyuzi joto 48 na 58, na tofauti hiyo ndiyo shida yako yote.

Tangu miaka ya 1980 watu wa afya ya mazingira wamekuwa wakitumia hesabu hii ya joto na muda: saa moja kwa nyuzi joto 62, siku moja kwa 50, wiki moja kwa 46, au mwezi mzima kwa 43. Hapo hata yai la mchango haliponi. Inasomeka rahisi kupita kiasi, kwa sababu inahusu kila chembe ya tope, si katikati ya rundo peke yake. Shambani hakuna rundo lenye joto moja kote. Ndiyo maana kanuni za Marekani kwa marundo ya kugeuzwa ni kali zaidi: nyuzi joto 55 au zaidi kwa siku 15, na katika siku hizo ligeuzwe mara 5. Mimi nafuata hiyo, ingawa kwa habari ya Kumasi ningeweza kugeuza mara chache zaidi.

Pima kila asubuhi sehemu tano: katikati, mbavu mbili, chini karibu na sakafu, na sentimita 20 tu ndani ya ukingo. Andika. Ya ukingoni itakuwa chini siku zote, na ndiyo sababu ya kugeuza: cha nje kiingie ndani, cha chini kipande juu. Kugeuza siyo kukoroga. Fikiria unahamisha rundo hatua mbili pembeni, ukianza na ngozi yake, na ngozi hiyo ndiyo unayoiweka kuwa kiini cha rundo jipya.

Lisipofika 55 ndani ya siku tano, mara nyingi ni mambo matatu: limelowa, limebana, au ni dogo. Livunje, ongeza makavu, liinue upya, na hesabu ya siku ianze sifuri. Usidanganye daftari.

Hatua ya 5: Liache likomae

Joto likishashuka lenyewe, lisogeze pembeni likae miezi miwili au zaidi. Lisiongezwe kitu. Tumia koleo jingine, siyo lile lililoshika tope bichi. Hili watu wanalipuuza: bakteria wachache wa Salmonella walionusurika, au waliorudishwa na koleo chafu, wakipata unyevu na chakula kwenye mboji ambayo haijaiva, huzaana upya. Minyoo haina tabia hiyo, yai haliongezeki nje ya mtu. Bakteria wanayo.

Na hapa ndipo nyanya zangu zinaporudi kazini. Chukua mboji iliyokomaa, jaza kopo, mwagilia, weka kivulini wiki mbili. Ikiota miche ya nyanya, joto halikufika kila mahali. Rudi hatua ya 3. Isipoota, usishangilie, maana haijathibitisha kitu. Ni kipimo cha kukataa, hakiwezi kukubali.

Kama huwezi kupika

Njia nyingine ni muda. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2006, linataka zaidi ya mwaka mmoja wa kuhifadhi kwa sehemu zenye joto la kati ya nyuzi 20 na 35, bila kuongeza kitu kipya. Pwani yote iko humo. Kwa nyanda za baridi, Njombe au Limuru, ni mwaka mmoja na nusu hadi miwili.

Chokaa? Ukiinua pH (kipimo cha asidi na alikali) hadi 12 na kuiweka hapo saa mbili, bakteria na virusi wengi wanakwisha, na tope linafika daraja B. Mayai ya mchango yanavumilia. Chokaa ni ya kutuliza mlipuko, kwa mfano kipindupindu kinapopita mtaani, siyo ya kukupa mbolea ya bustani. Majivu nayo husaidia kwa namna ile ile, kwa nguvu ndogo zaidi.

Hatua ya 6: Peleka maabara, angalau rundo la kwanza

Chota konzi kumi hadi kumi na mbili sehemu tofauti, nusu yake ukingoni, changanya kwenye ndoo safi, chukua kilo moja, funga, weka kwenye baridi, fikisha siku hiyo hiyo. Maabara za vyuo vya kilimo na mifugo huhesabu mayai ya minyoo kila siku kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi. Waambie mambo mawili wazi: unataka mayai hai, siyo jumla ya mayai, maana maganda yaliyokufa nayo huonekana kwenye darubini; na unataka hesabu kwa gramu kavu. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya yai moja kwa gramu, na E. coli, yaani bakteria wa kinyesi, chini ya 1,000 kwa gramu.

Hatua ya 7: Chagua zao, kisha hesabu miezi

Mboji iliyofuata hatua zote na kupita maabara unaweza kuitumia kama mboji nyingine. Mimi hata hivyo siiweki kwenye mchicha, matembele wala kachumbari. Ni woga wangu, siwalazimishi wengine.

Lakini kama ulichonacho ni tope lililofika daraja B tu, basi shamba lenyewe ndilo mtambo wako wa mwisho, na shamba hutibu kwa muda. Kanuni zile za Marekani kwa daraja B ziko hivi:

- Mazao yasiyogusa udongo, kama mahindi, migomba au maembe: usivune kabla ya siku 30. Embe lililodondoka chini ni la nguruwe, siyo la watoto.
- Mazao yanayoliwa ambayo hukaa juu ya udongo au kuugusa, kama nyanya, matikiti, maboga na mboga za majani: miezi 14 tangu kumwaga tope.
- Mazao ya chini ya udongo, kama karoti, viazi, mihogo na karanga: miezi 20 kama tope lilibaki juu ya ardhi miezi minne au zaidi kabla ya kulimiwa ndani. Kama uliligeuza ndani mapema kuliko hapo, miezi 38.
- Malisho: mifugo isiingie siku 30.

Tazama tena mstari wa tatu, maana unakwenda kinyume na tunavyodhani. Mkulima makini hulifukia tope haraka ili lisinuke na nzi wasije. Lakini jua ndilo linaloua mayai, kwa ukavu na joto. Ukiyafukia siku ya kwanza umeyapa kivuli na unyevu, yaani umeyalaza kitandani. Ndiyo sababu unalipa miezi 18 zaidi. Tope lililofukiwa Machi 2025 linaruhusu karoti Mei 2028. Bila kulifukia kwa miezi minne ya kwanza, ingekuwa Novemba 2026.

Kuhusu malisho, siku 30 naziona chache. Mayai ya tegu la ng'ombe huishi kwenye nyasi miezi kadhaa. Ng'ombe akiyala hupata vifuko vya tegu ndani ya nyama, na machinjioni mzoga unaweza kutupwa. Tegu la nguruwe ni baya zaidi. Watu wa pwani huniambia, "Sisi hatugusi kitimoto, halituhusu." Linawahusu. Nyama mbichi humpa mtu mnyoo tumboni. Lakini anayemeza mayai, yaliyotoka kwa mtu mwingine yakaja juu ya jani la saladi, hupata vifuko hadi kwenye ubongo, na hivyo ni miongoni mwa visababishi vikuu vya kifafa katika nchi zetu. Hajawahi kugusa nguruwe maisha yake yote, na bado.

Hatua ya 8: Jilinde wewe na vibarua wako

Gambuti, siyo ndala: minyoo ya safura hupenya ngozi ya mguu mtupu. Glavu, barakoa siku ya upepo na siku ya kugeuza. Kucha fupi. Sabuni na ndoo ya maji yenye koki viwe pale pale rundoni, siyo nyumbani. Nguo za kazi zisichanganywe na za watoto. Hakikisha chanjo ya pepopunda haijapitwa na muda, na muulizeni daktari kuhusu dawa ya minyoo kwa ratiba, kwani aliyefanya kazi hii mwaka mzima bila kumeza albendazole hata mara moja anabahatisha. Usile muhogo wa kuchoma ukiwa umeketi juu ya koleo. Natania, lakini nimewaona.

Hatua ya 9: Andika tarehe, hasa kama shamba si lako

Wengi tunaolima kando ya miji tunakodi, msimu mmoja au miwili. Miezi 14 ni mirefu kuliko mikataba mingi, na 38 ndiyo usiseme. Utaondoka, ataingia kijana na mbegu za mchicha, akiona udongo mweusi atadhani ni bahati.

Kwa hiyo chora ramani ya shamba kwenye daftari, hata kwa peni. Weka kivuli sehemu iliyopata tope, tarehe ya kumwaga, tarehe ya kufukia, lilikotoka, majibu ya maabara kama yapo, na mwezi ambao zao la kugusa udongo litaruhusiwa. Nakala moja mpe mwenye shamba, nyingine serikali ya mtaa. Chomeka vigingi kwenye pembe za sehemu hiyo. Mimi hutumia mlonge mbichi, kwa sababu huota wenyewe na hauibwi kuni mapema. Siku ya kukabidhi shamba, mpeleke anayeingia mpaka kwenye vigingi, mwonyeshe kwa kidole, mtajie mwezi.